Sahani na godoro: siku kumi na tatu kwa mdogo wangu anayesoma Cairo

Nimerudi Tanga, wiki ya tatu sasa. Haya nimeyapanga kutoka kwenye daftari dogo nililotembea nalo mfukoni na picha mia mbili na kitu za simu, kwa sababu majirani wameniuliza sana, na wenye watoto wanaotaka kwenda kusoma Misri wameniuliza zaidi.

Aliyenituma ni mama. Mdogo wangu wa mwisho yuko mwaka wa tatu Chuo Kikuu cha Azhar, kuliya (kitivo) ya Sharia na Kanuni, na kabla ya hapo alikaa mwaka na zaidi akisoma lugha tu. Muda wote huo mama amekuwa akimwona kwenye simu: anacheka, kofia kichwani, nyuma yake ukuta mweupe. Desemba akaniita barazani. "Picha za simu zinaficha," akasema. "Nenda ukaione sahani yake na godoro lake, uje uniambie." Akanikabidhi na fedha za mchezo aliokuwa akicheza na wenzake, zamu yake ilikuwa imefika. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nikaomba ruhusa, nikaongezea akiba yangu.

Tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi ilinigharimu shilingi 1,480,000, kupitia Addis Ababa. Viza nilichukua ubalozini Dar es Salaam mapema. Mtanzania asiende uwanjani akitegemea kuipata akifika. Na kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe karibu na pasipoti, usiitie kwenye sanduku.

Jumanne, 25 Februari 2025. Tanga hadi Dar

Basi la saa kumi na mbili asubuhi kutoka Kange. Segera, Wami, Chalinze, Mbezi: njia ni ile ile anayoijua kila mtu. Nililala kwa shangazi Magomeni.

Mzigo ulikuwa sanduku langu dogo na boksi la mama, na boksi lilikuwa zito kuliko sanduku. Ndani yake sembe kilo tano, dagaa wakavu waliofungwa nailoni tabaka tatu, iliki na mdalasini, visheti, achari ya embe katika kopo la maziwa ya unga, na doti moja ya kanga. Nilipouliza mtoto wa kiume kanga za nini, mama alijibu, "Za kutandika."

Jumatano, 26 Februari. Dar hadi Addis, na kukaa

Ndege ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili ilitakiwa kuondoka saa nne na nusu usiku. Tuliondoka saa tisa alfajiri. Maelezo yalikuja kwa kipaza sauti mara tatu na kila mara yalikuwa tofauti. Tulipewa kikaratasi cha chakula, injera (mkate mwembamba wa Kihabeshi) na dengu. Addis iko juu sana, na baridi yake ya usiku inaingia hadi ndani ya jengo. Sweta langu lilikuwa kwenye sanduku, na sanduku lilikuwa tumboni mwa ndege.

Karibu yangu alikaa mama mmoja wa Kisudani, mtu mzima, anatoka Kampala kwenda kumwona binti yake Cairo. Vita vya nchi yao vimewatawanya: yeye Uganda, binti Misri, mwanawe wa kiume bado Port Sudan. Alinitazama nilivyojikunyata, akafungua mkoba, akanitupia shali yake bila kuniuliza. Kiarabu changu ni cha chuoni, yaani madrasa, kile cha kuhifadhi, lakini tulielewana. Nilimwambia naenda kuangalia godoro la mdogo wangu. Hakucheka. Akasema mama yangu ana akili.

Alhamisi, 27 Februari. Cairo

Tulitua saa kumi na mbili asubuhi kwa saa za huko, ambazo majira ya baridi ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Kwenye forodha boksi la mama likafunguliwa. Afisa akashika mfuko wa dagaa, akaunusa, akaniuliza swali kwa Kiarabu cha mtaani ambalo sikulipata hata neno moja. Yule mama wa Kisudani alikuwa ameshapita. Akarudi. Akasimama mbele ya meza akasema maneno machache, na ndani yake nilisikia "ummu", mama, mara mbili. Afisa akafunga boksi mwenyewe, akalipiga kofi kama mtu anayempapasa ng'ombe, akaniambia nipite. Tulipofika nje nilitaka kumrudishia shali. Akakataa: Cairo kuna baridi bado, akasema. Simpati tena kumshukuru, ndiyo maana naandika hapa.

Mdogo wangu alikuwa mlangoni tangu usiku wa manane. Amekuwa na ndevu. Tulichukua teksi ya kuitwa kwa simu hadi Nasr City, pauni 250. Kwa hesabu ya haraka, pauni moja ya Misri ilikuwa kama shilingi hamsini za kwetu. Wanafunzi wetu huiita "gine", kama Wamisri wenyewe.

Wanakaa Hay al-Sabi', Mtaa wa Saba, eneo lililojaa wanafunzi wa kigeni wa Azhar: Waindonesia, Wamalesia, Wanaijeria, Wachechen. Ghorofa ya nne, lifti haifanyi kazi. Wako sita katika vyumba vitatu: mdogo wangu, wawili wa Unguja, mmoja wa Mombasa, Mkomoro mmoja, na kijana wa Buyenzi, Bujumbura, ambaye Kiswahili chake ni kitamu kuliko chetu sote. Kodi ni pauni 12,000 kwa mwezi, kila mmoja anatoa 2,000, yaani laki moja ya kwetu. Zamani ilikuwa nafuu, wenye nyumba wamepandisha kwa kasi. Nyumba yenyewe wanaiita geto, kama vijana wa Dar.

Nikaliona godoro. Ni la pamba, lile zito la Kimisri, lililorithiwa kwa mwanafunzi aliyemaliza, naye alilirithi kwa mwingine. Katikati limefanya bonde, pembeni limefanya mabonge. Nililala hapo hapo, kwa uchovu na kwa kulipima, nikaamka alasiri mgongo unauma. Nikaandika daftarini: *godoro, hapana.*

Sahani sikuiona, kwa sababu hana. Jioni waliandaa sinia moja kubwa la bati, wali na kuku, wote sita wakaketi chini na mimi wa saba. Nikauliza kila mtu sahani yake iko wapi. Kijana wa Mombasa akasema, "Mwalimu, ukila peke yako huku unakonda." Wanapika kwa zamu. Mwenye zamu ndiye anayekwenda sokoni, na orodha ya matumizi imebandikwa kwenye friji kwa kalamu, hadi senti ya vitunguu. Tui ni la unga, nazi nzima ni ghali mno. Ugali huwa wanasonga kwa semolina. Nilipofungua sembe ya mama pakawa kimya kidogo, kisha Mkomoro akaenda kuifungia kabatini.

*Kwa mzazi:* wanafunzi wa kigeni wako wa aina mbili. Wenye minha, yaani ufadhili wa Azhar, hukaa Madinat al-Bu'uth, mji wa wanafunzi ulioko Abbasiya, uliojengwa enzi ya Gamal Abdel Nasser, na hupata kitanda na chakula. Wasio na minha hupanga kama hawa. Mtoto wako akiomba nafasi, ulizeni jambo hilo kwanza kabla ya jingine lolote, maana tofauti yake ni ya maisha kabisa. Kuliya za wasichana ziko kando, Nasr City, na wanafunzi wa kike hupanga au kukaa mabwenini kwa utaratibu wao.

Ijumaa, 28 Februari. Azhar yenyewe

Chai ya asubuhi: ful, maharage yaliyochemshwa usiku kucha, na taamiya, bajia za maharage yaliyolowekwa, ndani ya mkate wa aish, pauni 12 kila mmoja. Njiani alipita kijana juu ya baiskeli, kichwani amebeba ubao mrefu wa mikate, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine ubaoni, katikati ya magari. Nilisimama kumtazama hadi akapotea.

Tulipanda maikrobasi kwenda Darrasa. Humo hakuna konda. Nauli inapitishwa mkono kwa mkono kutoka viti vya nyuma hadi kwa dereva, na chenji inarudi hivyo hivyo, watu wanahesabiana bila kujuana. Noti yangu ya pauni hamsini ilipita mikono mitano ikarudi sawasawa.

Msikiti wa Azhar ulianza kujengwa mwaka 970, na swala ya kwanza ilisaliwa 972. Nimefundisha tarehe hizo darasani mara nyingi. Kusimama uani pake ni kitu kingine: marumaru meupe yanayoakisi jua hadi unafinya macho, matao yaliyozunguka pande zote, minara isiyofanana kwa sababu kila mtawala aliongeza wake. Mlango tulioingilia unaitwa Mlango wa Vinyozi, kwa kuwa zamani wanafunzi walinyolewa hapo. Mdogo wangu alinionyesha riwaq, sehemu za kulala na kusomea za wanafunzi wa kila nchi: Wamaghribi yao, Washami yao, Waturuki yao. Watu wa pembe ya Afrika walikuwa na Riwaq al-Jabart, na nchi yao ya Jabart ndiko inakotoka nisba, jina la asili, ya al-Jabarti, mwanahistoria aliyeandika habari za Wafaransa walipoivamia Misri mwaka 1798. Kwa hiyo mwanafunzi mweusi kutoka kusini, mwenye blanketi lake na deni la mkate, si mgeni hapa. Ameshakuwapo karne kwa karne.

Sheria ya mwaka 1961 ndiyo iliyoigeuza Azhar kuwa chuo kikuu cha kisasa chenye udaktari na uhandisi. Lakini halqa, yaani darasa za msikitini, hazikufa. Baada ya Ijumaa nilimwona sheikh ameegemea nguzo, kitabu pajani, na mbele yake vijana kama thelathini wamekaa chini. Wengine wana kalamu, wengine wanarekodi kwa simu. Mdogo wangu anahudhuria halqa hizo mara tatu kwa wiki, bila cheti, bila ada. Niliketi nyuma nikasikiliza saa nzima mlango wa ijara, kukodisha na kukodishwa. Nilielewa nusu. Sheikh alipomaliza, kijana mmoja alimkosoa kwa adabu juu ya kauli fulani, na sheikh akafungua kitabu akamwambia, "Umesema kweli, soma hapa." Ningependa wanafunzi wangu wa kidato cha tatu waone hilo.

Jioni Dar al-Ifta, ofisi ya fatwa ya Misri, ikatangaza mwezi wa Ramadhani umeonekana. Ndani ya nusu saa mtaa mzima ukawa taa: fanusi milangoni, nyuzi za karatasi za rangi kutoka dirisha hadi dirisha, watoto wanaimba. Tulirudi Azhar kusali tarawehe ya kwanza, rakaa ishirini, juzuu nzima, kwa visomo tofauti. Nilitoka miguu inatetemeka.

Jumamosi, 1 Machi. Futari ya kwanza

Mchana ulikwenda kwa usingizi na kufua nguo. Saa kumi tukaondoka.

*Kwa atakayekwenda Ramadhani:* usitoke saa kumi na nusu ukitegemea kufika popote. Jiji zima linarudi nyumbani kwa wakati mmoja. Dakika kumi kabla ya magharibi barabara hiyo hiyo inakuwa tupu kama baada ya amri ya kutotoka nje. Maduka hufunguliwa tena baada ya futari hadi usiku mkubwa. Mchana migahawa mingi imefungwa, mgonjwa au msafiri abebe chake.

Msikiti wa Azhar hufuturisha wanafunzi wa kigeni uani kila siku ya Ramadhani, maelfu ya sahani. Kuna kamba, kuna vijana wa kujitolea wenye vizibao, na unaonyesha kitambulisho cha mwanafunzi. Mimi sina. Kijana wa kwenye kamba, Mmisri, akatikisa kichwa kwa upole. Mdogo wangu akamweleza kwamba huyu ni kaka yangu, ametoka Tanzania juzi. Kijana akanitazama viatu, sijui kwa nini viatu, akasema, "Ibn sabil," msafiri, akainua kamba. Kisha akanishika mkono hadi kwenye mkeka, akanikalisha kati ya Mtajiki na kijana wa Guinea.

Tulikaa safu kwa safu, tumeelekeana, katikati mkeka wa plastiki na vyakula vimekwishapangwa: tende, maji, wali, kuku, mkate. Kama robo saa hivi hakuna aliyegusa kitu. Unasikia lugha: hii sijui, hii sijui, hii Kihausa nadhani, kule nyuma kabisa Kiswahili cha mtu akimwambia mwenzake "sogea basi". Saa kumi na mbili kasoro dakika tano adhana ikatoka, na sauti ya maelfu ya watu wanaofungua tende kwa pamoja ni ndogo sana, kama majani. Mtajiki akanimegea nusu ya kuku wake kabla sijagusa wangu. Nikamwekea tende. Hatukuwa na lugha yoyote ya pamoja zaidi ya salamu na hiyo tende.

Usiku nilimpigia mama. Nikamwambia, "Sahani nimeiona. Ina urefu wa uwanja wa mpira."

Jumapili na Jumatatu, 2–3 Machi

Kuliya yake iko Darrasa, nyuma ya msikiti. Ndani sikuruhusiwa, mgeni hana ruhusa bila kibali, nikabaki getini. Nikatembea Darb al-Atrak, kichochoro cha maduka ya vitabu nyuma ya msikiti, ambako vitabu vya fiqhi vya majuzuu kumi vinapangwa kama matofali hadi darini. Mwenye duka mmoja mzee aliposikia natoka sawahili, pwani, akataja "Zanjibar" akaniletea kiti na kunikaribisha futari kwake, na nilipokataa kwa adabu akanipunguzia bei bila kuombwa. Nilinunua majuzuu manne ya mdogo wangu kwa pauni 900. Vitabu ni bei nzuri, uzito ndio tatizo, hivyo pimeni kabla ya kununua.

Pale pale chini ya barabara ya al-Azhar kuna njia ya chini ya ardhi ya kuvukia upande wa msikiti wa al-Hussein na soko la Khan el-Khalili. Itumieni. Nimeona watu wakivuka juu, sijui wanavyopona.

Jumanne, 4 Machi. Imamu Shafii

Hii nilikuwa nimeiwekea nia tangu Tanga. Maikrobasi hadi Sayyida Aisha, nyingine ndogo hadi ndani ya Qarafa, mji wa makaburi, ambako watu wanaishi katikati ya wafu wao: nguo zimeanikwa, kuku wanachakura, fundi seremala anapiga randa.

Muhammad ibn Idris al-Shafii alizaliwa Gaza mwaka 767 na akafia hapa mwaka 820. Sisi wa pwani tumekulia katika madhehebu yake. Ibn Battuta alipopita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 aliwakuta wenyeji ni Mashafii. Kila nilichofundishwa chuoni, namna ya kutia udhu, mahali pa kuweka mikono, qunuti ya alfajiri, kilitoka kwa mtu aliyelala chini ya kuba hili. Kuba ni la mbao, limefunikwa kwa madini ya risasi, lilijengwa mwaka 1211. Ndani, juu ya kaburi, kuna sanduku la mti lililochongwa mwaka 1178, wakati wa Salah al-Din. Nimelitazama kwa muda mrefu. Nakshi zake zimekwenda ndani ya mti kiasi kwamba ukisogea kivuli kinasogea. Babu yangu alikuwa fundi wa milango, angelia.

Watu humwandikia Imamu barua za shida zao. Niliona mwanamke akisukuma karatasi iliyokunjwa mara nyingi.

Tulipotoka nje mdogo wangu akaniambia niangalie juu kabisa. Juu ya ncha ya kuba pana mashua. Mashua ya shaba, ndogo, imeelekea upande mmoja kama imetia nanga. Wanasema zamani ilikuwa ikitiwa nafaka kwa ajili ya ndege. Sikuwa nimeambiwa na mtu. Nilikumbuka kile kijitabu cha fiqhi tunachofunguliwa sote utotoni, ambacho jina lake lina maana ya jahazi, nikasimama barabarani shingo imepinda hadi mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa. Alipojua, akatuita ndani ya kibanda chake tukae kivulini, akamtuma mwanawe atuonyeshe njia fupi ya kurudi. Fedha hakutaka.

Jumatano, 5 Machi. Attaba

Metro ni njia bora ya kutembea Cairo: nauli ilikuwa pauni 8 kwa vituo hadi tisa, kisha ilipanda taratibu. Tulipandia Abbasiya, njia ya tatu, tukashuka Attaba kwenye Sour al-Azbakeya, soko la vitabu vilivyotumika.

Tulikuwa tunabishana kwa Kiswahili kuhusu kamusi moja, kijana aliyesimama karibu akageuka. "Shikamooni," akasema. "Samahani, je, ninyi ni Watanzania?" Mmisri, wa Cairo, hajawahi kuvuka mpaka wa nchi yake. Anasoma Kiswahili mwaka wa tatu katika kitivo cha lugha na tafsiri cha Azhar hiyo hiyo. Kila kiambishi kilikaa mahali pake. Aliongea kama anasoma kwa sauti. Akatufuata mezani kwa mezani, akatupatania bei, na kila tukitamka neno asilolijua anatoa daftari. "Geto ni nini? Kamusi yangu haina." Tukamweleza. Akaandika: *geto, nyumba ya vijana, wanakula pamoja.* Sikumsahihisha.

Marehemu baba alikuwa akitusimulia jinsi walivyokuwa wakitega redio usiku kusikiliza Cairo kwa Kiswahili. Matangazo hayo yalianza mwaka 1954, wakati Mwingereza bado ametukalia, na vijana wa Kizanzibari waliokuja kusoma walikuwa miongoni mwa sauti zake. Nilimwambia kijana yule hivyo. Yeye alikuwa ameisoma darasani kama historia. Alifurahi kukutana na mtoto wa mmoja wa wasikilizaji, akataka nimwelezee redio yenyewe ilikuwa ya aina gani na ilikaa wapi ndani ya nyumba. Ilikaa juu ya kabati, nikamwambia, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

Jioni alifuturu nasi. Aliikuta sembe ya mama.

Alhamisi, 6 Machi. Munajjid

Fedha za mchezo wa mama nilikuwa sijazigusa. Nilitaka kumnunulia mdogo wangu godoro jipya la sponji. Mwenye duka la chini, aliyenisikia nikiuliza bei, akanishika bega: usitupe pamba nzuri, mwite munajjid, fundi wa magodoro. Akampigia mwenyewe.

Alikuja mzee na kijana wake, wakalipandisha juu ya paa. Wakalipasua godoro, wakamwaga pamba yote, ilikuwa ya kijivu na imeshikana kama udongo. Kisha wakaichambua na kuipiga, na nyuzi zikaanza kupanda juu, nyeupe, nyepesi, hadi rundo likawa mara tatu. Nilikumbuka godoro za sufi za kwetu, mama na shangazi wamekaa uani wamefunika nywele, sufi zinaruka. Nikampigia mama kwa picha nikaelekeza simu kwenye rundo. Hakusema kitu kwa muda. Akauliza, "Ameitoa mbegu?" Nikamwambia pamba hii haina mbegu, mama. "Haya. Mwambie ashone karibu karibu."

Mzee alishona kwa sindano ndefu kama kiganja, kingo zote kwa mkono, toka dhuhuri hadi karibu na magharibi, amefunga. Pauni 450 na kitambaa kipya juu. Nilimwongezea hamsini, akampa mwanawe ampe mtoto wa mwenye duka. Tukashusha godoro watu watano ngazi nzima, tukatandika zile kanga. Kijana wa Buyenzi akalijaribu wa kwanza, hakuna aliyemruhusu.

Ijumaa, 7 hadi Jumapili, 9 Machi. Kurudi

Ijumaa nililala. Jumamosi wakanisindikiza wote sita hadi uwanjani katika maikrobasi moja, nauli ikapita mkono kwa mkono. Kopo la achari lilirudi kwangu limejaa tende, maana chombo cha mama hakirudi kitupu, na shali ya yule mama wa Kisudani nilikuwa nimeivaa. Addis hatukuchelewa. Dar, Chalinze, Segera, nyumbani kabla ya futari.

*Hesabu kwa anayetaka:* ukiacha tiketi na viza, nilitumia kama shilingi 420,000 kwa siku zote, kwa kuwa nililala geto na kula siniani. Anayetaka kuingia ngome ya Salah al-Din au makumbusho abebe kadi ya benki, sehemu nyingi hawapokei tena fedha mkononi. Mwanafunzi mwenye kitambulisho hulipa nusu.

Mama alikaa na simu yangu jioni nzima, anasogeza picha kwa kidole kimoja. Godoro alilitazama kabla na baada, akakuza picha kuona mshono, akasema mzee yule anajua kazi. Sinia akalipita haraka, ameridhika. Alipofika kwenye kuba la Imamu nikamwonyesha ile mashua juu. Akaivuta picha hadi ikawa vumbi, akaisogeza karibu na macho.

"Mbona haina tanga?" akauliza.